Rangi, Maji na Jiwe: Wahitimu wa Kike na Maonyesho ya Picha ya Kakapel

Utangulizi

Vikundi vya wanawake waliowahi kusoma pamoja vimeenea nchini Kenya kama vilivyoenea vyama vya kuweka na kukopa, na mara nyingi kikundi huwa ni kimoja chenye sura mbili. Wanachama hukutana mwisho wa mwezi, huchangiana karo za watoto, huozeana na kuzikana. Safari zao aghalabu huwa za harusi na matanga. Ni nadra kundi la namna hiyo kukata shauri kwamba safari ya mwaka itakuwa ya kwenda kutazama picha. Na pale linapokata shauri hilo, fikira zote hukimbilia Nairobi, kwa dhana kuwa picha ni kitu cha kutundikwa ukutani katika jiji kuu na kutazamwa na watu wenye nafasi.

Makala haya yananuia kuonyesha kuwa dhana hiyo ina kasoro, hasa kwa wakazi wa Busia na Malaba. Katika milima ya Chelelemuk, eneo la Teso Kaskazini, si mbali na mji wa Malaba, lipo jabali la Kakapel ambalo uso wake umejaa picha zilizopakwa kwa mkono wa binadamu katika nyakati mbalimbali. Ni maonyesho yasiyofungwa jioni. Ili kundi la wahitimu lifaidike kwa ziara ya mahali hapo, yafaa kwanza lielewe rangi za maji ni nini, picha za miambani zina udugu gani nazo, na ni akina nani waliozihamisha picha za aina hiyo kutoka mwambani hadi kwenye karatasi. Itadhihirika kuwa wengi wa hao walikuwa wanawake, na baadhi yao walikuwa walimu wa shule za wasichana.

Rangi za maji

Rangi yoyote ya kuchorea ina vitu vitatu: unga unaoleta rangi yenyewe, kishikizo kinachoufunga unga huo usipeperuke, na kiowevu kinachouwezesha kusambaa. Katika rangi za mafuta, kishikizo ni mafuta ya mbegu, hasa ya kitani. Katika rangi za maji, kishikizo ni utomvu wa mgunga. Utomvu huo hukusanywa kwa wingi nchini Sudan, na nchini Kenya huvunwa katika kaunti kame za kaskazini kama Turkana, Samburu na Isiolo. Kwa hiyo mchoraji wa Ulaya anayesifiwa kwa wepesi wa brashi yake anautegemea mti wa nyika za Afrika, jambo ambalo vitabu vya sanaa havina haraka ya kulitaja.

Tofauti kubwa iliyopo baina ya aina hizi mbili ni ya nuru. Rangi ya mafuta hufunika. Mchoraji akikosea, huweka tabaka jingine juu na kosa likazikwa. Rangi ya maji haifuniki. Ni nyepesi kama chai iliyochujwa, na mwanga hupenya ndani yake, hufika kwenye karatasi na kurudi machoni. Weupe wa mawingu katika picha ya rangi za maji si rangi hata kidogo, bali ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Kwa sababu hiyo mchoraji hulazimika kupanga mapema mahali ambapo hatapaka kitu. Huanza na rangi hafifu na kuelekea kwenye zilizokolea, wala hana njia ya kurudi nyuma. Anayeitazama picha kama hiyo huweza kuona wapi brashi iliingia ikiwa imelowa, wapi ilikuwa imekauka, na wapi maji yalimponyoka mwenye kazi yakafanya yatakayo.

Aidha, picha hizi ni dhaifu. Mwanga mkali huzichujua, na unyevu huikunja karatasi na kuiotesha ukungu. Ndiyo maana makumbusho mengi duniani huzionyesha kwenye mwanga mdogo wa takriban lux 50, na baada ya miezi michache huzirudisha kabatini zipumzike. Mgeni asiyejua haya hudhani kuwa wenye ukumbi wanabania umeme.

Mintarafu istilahi

Mhitimu wa Kiswahili anayetaka kuwaeleza wenzake haya yote hugonga ukuta mara moja. Neno “uchoraji” limebebeshwa mzigo wa kazi mbili, kuchora kwa kalamu na kupaka kwa brashi. Kitenzi “chora” chenyewe kinanukia zaidi ncha kuliko brashi, kwani fundi huchora mlango, kwa maana ya kuukata nakshi. “Picha” ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, na siku hizi anayelisikia hufikiria kamera kwanza. “Taswira”, lenye asili ya Kiarabu, limetekwa na wahakiki wa fasihi kiasi kwamba ukilitamka darasani wanafunzi husubiri ubeti wa shairi. “Sanamu”, ambalo hapo zamani lilijumuisha hata picha bapa, limebaki kwa kinyago na mnara. Na kundi linaposema linakwenda kwenye maonyesho, msikilizaji aliyesoma fasihi simulizi hutazamia ngoma na maigizo, kwa kuwa “sanaa za maonyesho” ni istilahi iliyokwisha kupata mwenyewe.

Hata hivyo lugha haikosi hazina. Kamusi zina neno “ngeu”, yaani udongo mwekundu ambao maseremala na waashi waliutumia kutia alama ya mstari kwenye mbao au ukuta. Ngeu ndiyo hasa rangi ya zamani kuliko zote, madini ya chuma yaliyosagwa, na ndiyo iliyotumika katika picha nyingi za miambani kuanzia Kondoa hadi Nyero. Mwanafunzi anayeandika kwamba picha fulani imepakwa “rangi nyekundu ya asili” ameandika maneno manne pale ambapo moja lingetosha.

Kwa ajili ya makala haya, “kuchora” kutatumika kwa jumla, “kupaka” pale ambapo brashi au kidole kimehusika, na “rangi za maji” kwa aina iliyokwisha kuelezwa.

Jabali la Kakapel

Kakapel ni mojawapo ya mahali palipotangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na husimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Shirika la Trust for African Rock Art, lililoanzishwa na mpigapicha David Coulson mwaka 1996 na lenye makao yake Nairobi, lilishirikiana na Makumbusho hayo pamoja na wenyeji kuliweka jabali katika hali ya kupokea wageni.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni msongamano. Picha za Kakapel hazikupangwa kila moja mahali pake kama zilivyo picha za ukumbini. Zimepandana. Wataalamu wanatofautisha mikondo mitatu. Ulio mkongwe zaidi ni wa maumbo ya duara na mistari, nao unahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa jamii ya Watwa, ambao michoro ya aina hiyo imeonekana pia katika kisiwa cha Mfangano ndani ya Ziwa Victoria na katika majabali ya mashariki mwa Uganda. Juu yake wafugaji walipaka ng’ombe. Mkondo wa tatu, ulio wa karibuni zaidi, ni wa maumbo yanayohusishwa na wahenga wa Iteso wanaokaa katika eneo hilo hadi leo. Rangi zinazotawala ni ngeu na nyeupe.

Kwa lugha ya mchoraji wa karatasi, hapa kuna watu watatu waliotumia ukurasa mmoja bila ya yeyote kuufuta wa mwenziwe. Aliyefuata alikuta kazi ya aliyetangulia, akaiona, na bado akapaka juu yake. Kwa nini hakutafuta sehemu tupu? Jabali lina nafasi. Wapo wanaosema nguvu ya mahali ilikuwa katika picha zilizokuwapo, na kwamba kupaka juu yake kulikuwa namna ya kuishiriki nguvu hiyo. Wengine huona ni kudai umiliki. Kundi la wahitimu likifika hapo bila swali hili mkononi, litarudi likisema limeona ng’ombe.

Uchimbaji wa kiakiolojia chini ya jabali umeongeza uzito wa mahali hapa. Mwaka 2020 matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale yalichapishwa katika jarida la Science Advances, yakihusisha mifupa ya watu waliozikwa Kakapel. Aliyekuwa wa kale zaidi aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita na asili yake ilikuwa ya wawindaji na wakusanyaji. Waliofuata baadaye sana walionyesha ukaribu na jamii za Kinailoti. Kwa maneno mengine, mfuatano wa watu ardhini unaoana kwa sehemu na mfuatano wa picha ukutani.

Mwaka 2024 ulitolewa utafiti mwingine katika jarida la Proceedings of the Royal Society B. Miongoni mwa waandishi wake walikuwa Natalie Mueller, Steven Goldstein na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Watafiti hao walichekecha udongo wa Kakapel na kupata mabaki ya mimea yaliyoungua, yakiwemo ya kunde zenye umri wa takriban miaka 2,300, ambazo ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa kilimo katika Afrika Mashariki. Wimbi nalo lilikuwapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Watu wamekuwa wakilitumia jabali hilo kwa muda wa takriban miaka 9,000. Mama anayeuza kunde kwa kikombe katika soko la Malaba, na mzee anayenyonya ajon ya wimbi kwa mrija mrefu jioni, wanaendeleza maisha ambayo alama zake zimo chini ya jabali hilo.

Mpaka na picha

Jabali lilikuwapo kabla ya mpaka. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Ardhi hii ikabadilisha nchi bila mtu kuhama. Iteso wakajikuta pande mbili, na vivyo hivyo Wasamia. Ndugu za picha za Kakapel nazo zikabaki ng’ambo. Majabali ya Nyero, karibu na mji wa Kumi katika nchi ya Uganda, yana maduara ya ngeu yaliyo ndani ya maduara mengine, na anayetoka Malaba huyafikia kwa kupitia Tororo na Mbale. Mtu akitaka kuyaelewa yale ya Kakapel, sharti ayaone na yale ya Nyero.

Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vilipoanza kufanya kazi (kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018), safari kama hiyo imekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa zamani. Si ajabu kwamba Busia ndipo lilipozaliwa neno “bodaboda”, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine huku wakiwaita kwa jina la mpaka wenyewe. Lugha ya mpakani daima hutembea.

Walimu wawili wa shule ya wasichana

Sasa yafaa kulitazama kundi la wanawake ambao kazi yao ndiyo iliyozileta picha za miambani katika maonyesho ya rangi za maji.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika mji mdogo wa Cradock huko Afrika Kusini, ilikuwapo shule ya upili ya wasichana iliyoitwa Rocklands. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Helen Tongue na Dorothea Bleek. Shule ikifungwa, walimu hawa wawili walisafiri kutafuta mapango yenye picha za Wasani, na Tongue alizinakili kwa brashi. Hapakuwa na kamera ya rangi iliyoweza kufanya kazi hiyo. Nakala hizo zilionyeshwa London mwaka 1908 na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1909, Bleek akichangia maelezo.

Bleek huyu hapaswi kupitwa haraka na wasomaji wa isimu. Alikuwa binti wa Wilhelm Bleek, mwanaisimu aliyetumia jina “Bantu” kwa kundi la lugha ambamo Kiswahili kimo. Yeye mwenyewe aliendelea kuchunguza lugha za Wasani maisha yake yote, na mwaka 1930 alifika Tanganyika kuichunguza lugha ya Wahadza. Kwake picha na neno vilikuwa kazi moja: alitaka kujua wenye lugha wanakiitaje kile kilichochorwa. Swali hilo ndilo ambalo mara nyingi halikuulizwa na waliokuja baada yake.

Baadaye Mjerumani Leo Frobenius aliongoza msafara wa kusini mwa Afrika kati ya mwaka 1928 na 1930, na miongoni mwa wachoraji wake walikuwamo wanawake watatu, Agnes Schulz, Elisabeth Mannsdörfer na Maria Weyersberg. Walikaa miezi mingi porini wakinakili picha kwa rangi za maji kwenye karatasi kubwa. Mwaka 1937 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilizionyesha nakala kutoka hazina ya Frobenius, bega kwa bega na kazi za wasanii wa Ulaya wa wakati huo, na watazamaji wakastaajabia jinsi za kale zilivyofanana na za kisasa. Jina lililobebwa na sifa lilikuwa la kiongozi wa msafara. Majina ya walioshika brashi yalihitaji miaka mingi kutajwa kwa sauti.

Karibu zaidi na nyumbani, Mary Leakey alitumia sehemu ya mwaka 1951 akinakili picha za miambani za Kondoa, Tanzania. Pamoja na mumewe Louis, alinakili takriban michoro 1,600, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Wakati Kondoa inaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, baadhi ya picha katika eneo hilo zilikuwa zimefifia, na nakala zikawa shahidi wa jinsi zilivyokuwa.

Ipo hasara pia, wala haifai kufichwa. Mnakilishaji huchagua. Humtoa ng’ombe kwenye jiwe na kumweka katikati ya karatasi nyeupe, safi, akiwa peke yake. Ufa uliokuwa ukipita mgongoni mwake hupotea. Maduara yaliyokuwa chini ya tumbo lake huachwa kwa sababu yanachafua umbo. Nakala ikiisha, mambo ambayo jabali lilikuwa likiyasema kuhusu nani alimfuata nani hayamo tena. Ni kama mtu anayenukuu mshororo mmoja wa utenzi na kuuita utenzi.

Wahitimu waliovuka mpaka huu

Inapozungumzwa habari ya wanawake wahitimu na picha katika Afrika Mashariki, Makerere haiepukiki. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930, na shule ya sanaa ya chuo hicho ingali inabeba jina lake. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 kwa baba Mganda na mama Mkenya, alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha akarudi Kenya akafundisha shule, akalea watoto, na kwa miongo kadhaa jina lake halikusikika miongoni mwa wasanii. Alirudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, akiwa amekaribia umri wa miaka 60. Kwa kuwa rangi ni ghali, alichana vipande vya karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akavigandisha hadi vikawa kuku, wanawake na mashamba. Ukiitazama kwa mbali kazi yake unadhani ni brashi. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwamo katika maonyesho ya wasanii wa Afrika kwenye jumba la Studio Museum, Harlem. Alifariki mwaka 2021.

Theresa Musoke, Mganda aliyehitimu Makerere katika miaka ya 1960, alipitia njia ya kinyume. Utawala wa Idi Amin ulipoiharibu Uganda, alihamia Kenya akaishi huko takriban miongo miwili, akichora na kufundisha, kabla ya kurejea kwao katika miaka ya 1990.

Joy Adamson naye hutajwa kila inapotajwa rangi za maji nchini Kenya. Kabla dunia haijamjua kwa habari za simba Elsa, alikuwa mchoraji wa maua ya nchi hii, na mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kandarasi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali. Mamia ya picha hizo yapo nchini, nyingi katika Makumbusho ya Nairobi. Ni kazi ya uangalifu mkubwa katika ushanga na manyoya. Lakini waliochorwa walivishwa mavazi ya sherehe ambayo tayari yalikuwa yakiachwa, wakasimamishwa bila nyumba, bila kazi na mara nyingi bila majina yao wenyewe. Ni yule ng’ombe wa karatasi nyeupe tena.

Namna ya kuzuru

Kundi linalofika Kakapel litapokewa na mwenyeji, na salamu ni sehemu ya ziara. Kwa Kiateso mgeni husema “Yoga”, na mwenyeji hujibu vivyo hivyo kwa msisitizo. Wageni watamwita mzee, naye atawaita mama au walimu hata kama wengine wao ni mawakili. Wasishangae wakisikia kikongwe akiitwa “toto”: katika Kiateso neno hilo ni la mama mzazi. Mwanafunzi wa isimu anaweza kutumia asubuhi nzima katika neno hilo moja, na mzee hatakataa.

Mbele ya jabali, subira ni muhimu kuliko maelezo. Jicho linalotoka juani huona jiwe tu. Baada ya dakika kadhaa mistari hujitokeza, kwanza myeupe, kisha ile ya ngeu iliyo chini. Ni vyema kila mmoja akae kimya kwanza na kutafuta picha mbili zinazopishana, aamue ipi iko juu, kisha amshawishi jirani yake. Mjadala utakaozuka utawafundisha mengi kuliko kibao cha maelezo.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo wageni wengi hawaijui. Picha ya mwambani ikiloweshwa, rangi zake hukolea ghafla na kung’aa, kama kokoto ya mtoni inavyong’aa ikiwa majini. Kwa sababu hiyo, katika majabali mengi ya Afrika wageni na hata wenyeji wao walizoea kuzimwagia picha maji ili wazipige picha vizuri. Kila tone linalokauka huacha chumvi iliyotolewa ndani ya jiwe. Chumvi hujenga utando mweupe juu ya rangi, na inapoganda chini ya uso wa jiwe huusukuma hadi magamba yakabanduka pamoja na picha. Kishikizo cha awali, kiwe kilikuwa mafuta ya mnyama, yai au utomvu, kimekwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni unga uliong’ang’ania jiwe kwa uzoefu tu. Kitambaa chenye unyevu huufuta. Mikono yenye jasho na mafuta huudhuru vilevile, na chaki inayotumiwa kuzungushia mchoro ili uonekane haitoki tena bila kutoka na mchoro. Moshi wa moto unaokokwa chini ya jabali huongeza tabaka la nne ambalo hakuna mtafiti aliyelitaka.

Maji yanayoipa uhai picha ya karatasi ndiyo yanayoiua ya jiwe, na mhitimu aliyefundisha kemia au jiografia anaweza kuwaeleza wenzake jambo hili kwa Kiswahili sanifu papo hapo. Wengi wa waliosoma shule ya msingi kati ya mwaka 1985 na mwisho wa karne walifundishwa sanaa na kazi za mikono kabla masomo hayo kuondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Mkono haujasahau kabisa. Kundi linaweza kubeba karatasi nene, brashi mbili tatu na kisanduku cha rangi za maji, likakaa mbali na jabali kwenye nyasi, kila mmoja akajaribu kunakili kipande kimoja, pamoja na ufa wake na maduara yaliyo chini yake. Nakala zitakuwa mbovu. Lakini aliyejaribu kuunakili mstari mmoja wa ngeu kwa nusu saa atakuwa ameutazama kwa nusu saa, na hakuna kamera ya simu inayomlazimisha mtu kufanya hivyo.

Chini ya kila nakala iandikwe kwa Kiswahili kile kilichoonekana, kabla ya kile kinachodhaniwa: rangi gani, iko juu au chini ya nini, imepakwa kwa kidole au kwa kitu chenye ncha, na mzee alikiitaje kwa Kiateso. Nakala kumi na mbili zenye maelezo ya namna hiyo, zikitundikwa katika ukumbi wa shule mojawapo ya Malaba au Busia wakati wa siku ya wazazi, zitakuwa maonyesho kamili ya rangi za maji, na wanafunzi watakaozitazama wako umbali wa nauli ndogo ya bodaboda kutoka kwenye asili yake.

Kikombe cha maji cha mchoraji kikae penye nyasi. Chupa za kunywea zibaki chini njiani, kwa mlinzi, hadi wageni watakaposhuka.